Mashine Inayojilisha Yenyewe

Wapo watu wanaoweza kuificha aibu yao. Yangu haifichiki, kwa sababu iliandikwa kwa rangi ya bluu, herufi moja moja kubwa kuliko kiganja, na aliyeiandika ni mimi mwenyewe. Nimeona afadhali niwasimulie kwa kinywa changu, kwani habari inayozunguka huko kijijini Mgori humalizikia kwa kusema kwamba mashine ilimmeza injinia, ikamwona hana ladha, ikamtema. Hilo si kweli. Mashine haikunimeza. Niliingia humo kwa hiari yangu, kichwa kwanza, nikiwa na akili timamu na nia njema kabisa, na pengine hiyo nia njema ndiyo inayonitia haya kuliko yote.

Mama yangu mdogo, ambaye pale kijijini huitwa Mama Rehema, aliendesha mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama kwa miaka mingi. Siku moja nafaka ilikwama kwenye koo la hopa, yaani lile bakuli la juu la kumiminia nafaka, naye akaisukuma kwa mkono kama alivyozoea kuisukuma siku zote, na mara hiyo nyundo za mashine zikamchukulia vidole viwili vya mkono wa kulia. Wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea uhandisi mitambo. Nilipokwenda kumtazama wodini nilitegemea alie, au angalau anilaumu mimi na kizazi changu cha wasomi, yeye akaniambia jambo moja tu: "Baba, waambie wasinitoe kwenye mashine."

Walimtoa. Hawakumtoa kwa ubaya. Mama Ntandu, mwenyekiti wa kikundi, alisimama mbele ya wenzake akasema kwamba yeye hawezi kuvumilia kuuona mkono ule ukirudi kwenye mdomo ule, na kwamba Mama Rehema atarudi kazini siku itakapopatikana mashine isiyohitaji mkono wa mtu. Ilikuwa huruma, tena huruma ya kweli, lakini ni huruma iliyomkalisha mama mdogo nyumbani akibangua karanga, mwanamke aliyezoea kulisikia jina lake likiitwa na nusu ya kijiji tangu alfajiri.

Basi mimi nikaichukua kauli ile ya Mama Ntandu kama swali la mtihani. Mashine isiyohitaji mkono wa mtu: tengeneza. Nilipomaliza chuo sikutafuta ajira (mama yangu mzazi hadi leo hulitaja jambo hili anapohesabu majeraha yake), nilijibanza kwenye karakana ya rafiki yangu mjini Singida, nikachora, nikafuta, nikachora tena, nikakata bati na kuchomelea kwa miezi kadhaa. Chini ya hopa niliweka parafujo, yaani mhimili wa chuma wenye mapezi yaliyojiviringisha, ambao ukizunguka unaisukuma nafaka kidogo kidogo kuelekea kwenye nyundo, kwa kipimo kilekile, bila mtu kugusa chochote. Kule unga unakotokea, mahali pa ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kwenye mashine zote za vijijini na kutoa vumbi kama moshi, nikaweka sanduku la bati lenye urefu wa kunifika kifuani, limefungwa kila upande, na chini yake mfereji mdogo wa kutolea unga. Nilikuwa nimesoma kwamba vumbi la unga huharibu mapafu, na sikutaka kuokoa vidole vya watu nikaacha mapafu yao yateketee. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Naogopa bado ni mtu wa namna hiyo.

Niliijaribu mashine kwa mahindi makavu ya dukani, nayo ikafanya kazi kwa uzuri uliokaribia kunitoa machozi.

Sasa uamuzi wenyewe, ule mdogo, uliozaa yote. Siku ya mwisho nilibakiwa na rangi ya bluu chini ya kopo, nami kwa tabia sipendi kutupa kitu. Nikasema niandike jina la mashine kwenye lile sanduku la bati. Rafiki yangu akanishauri niandike "otomatiki", neno ambalo kila mtu analijua. Nikakataa. Nikamhutubia pale pale, nikiwa na brashi mkononi, kwamba Kiswahili si maskini, na kwamba mwananchi ana haki ya kuielewa teknolojia kwa lugha yake mwenyewe. Mashine hii hupewa nafaka. Kupewa chakula ni kulishwa. Hii hailishwi na mtu, hujilisha. Sarufi haikuwa na kasoro hata moja. Nikaandika: MASHINE INAYOJILISHA YENYEWE. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu, nikalitazama, nikaona ni jema.

Tulikubaliana na Mama Ntandu kwamba mashine ifungwe pale kwenye banda lao, pembeni ya ile ya zamani, ijaribiwe siku moja nzima, na jioni yake wanakikundi waamue. Wakiikubali, Mama Rehema anarudi kazini kesho yake. Wakiikataa, basi. Asubuhi hiyo mama mdogo alikuja mapema kuliko mimi, amevaa kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani, akaketi kwenye benchi karibu na mlango, mkono wa kulia ameufunika kwa ncha ya kitenge. Nilimwamkia, akaitikia, akayatazama maandishi yangu kwa muda mrefu.

"Umeandika mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe, mama mdogo."

"Haya," akasema.

Ile "haya" ilipaswa kunishtua. Mimi nikadhani ameguswa.

Akina mama wakaanza kuingia na mabeseni yao, na hapo ndipo nilipoanza kutokuelewa, na tangu hapo sikuelewa tena kitu chochote hadi jua lilipozama. Mtu anaingia kwa bashasha, anasalimia, anatua beseni, anainua macho, anasoma. Kisha analivuta beseni lake taratibu hadi nyuma ya miguu yake, kama mtu anayemsogeza mtoto mbali na mbwa asiyemfahamu. Baada ya muda walikuwa kumi na kitu wamesimama ukutani, nafaka zote ziko nyuma ya miguu, wanazungumza Kinyaturu kwa kasi ambayo mimi, mtoto wa mjini, siwezi kuifuata. Nikajiambia kwamba ni heshima. (Nilijiambia hivyo kweli, sitaki kuwaficha kitu.)

Hatimaye Mama Ntandu akasogea mbele. Ni mama mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuuliza maswali kanisani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Injinia, sisi tuna swali moja. Hii yako inakula kiasi gani?"

Nilifurahi mno. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la umeme kuliko maswali yote, na nilikuwa nimeazimia kutoahidi uongo. "Mama, nitakuambia ukweli," nikasema, nikaikunja mikono kifuani kama mhadhiri. "Inakula kidogo kuliko ile ya zamani. Lakini inakula. Hakuna mashine isiyokula."

Pale ukutani mabeseni yakavutwa nyuma zaidi.

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Inategemea na mzigo. Ukiweka nafaka nyingi inakula zaidi, ukiweka kidogo inakula kidogo."

"Na asipoweka mtu kitu?"

"Ikizunguka tupu nayo inakula, ila si sana."

"Astaghfirullah," akasema Bi Zainabu, mama mwembamba wa makamo aliyekuwa na beseni la mtama mwekundu, mwenye duka la vitenge karibu na njia panda. "Ikishashiba, je?"

Swali hilo nililiona la kitoto kidogo, lakini nikakumbuka kwamba mtaalamu hapaswi kumdharau mwananchi. Nikatabasamu. "Hii haishibi, mama. Itaendelea hivyohivyo mpaka uizime."

"Na wewe je, unakula humohumo?"

"Hapana! Mimi nimejitolea. Inakula yenyewe tu."

Nawaapia kwamba nilidhani mazungumzo yanakwenda vizuri. Nilimgeukia mama mdogo ili anione jinsi ninavyojibu bila kukwepa, nikamkuta ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Leo najua hakuwa analia.

Mimi wakati huo sikujua jambo ambalo kila mwanamke mle bandani alilijua tangu utoto, kwamba katika vijiji vyetu hakuna tuhuma kubwa kwa mashine kuliko kusema kwamba "inakula". Mashine inayokula ni ile inayobakiza unga wa watu tumboni mwake, nawe ukishaondoka mwenye mashine anakuja kuukusanya. Watu huacha mashine ya karibu wakatembea na mzigo kichwani hadi kijiji cha pili kwa sababu ya neno hilo moja. Nami nilikuwa nimeliandika kwa rangi ya mafuta.

Mama Ntandu, ambaye ni mtu wa haki, akasema mtu asihukumiwe kabla ya ushahidi. Akalileta beseni lake mwenyewe, limejaa uwele. Ni lile beseni la bati jeupe lenye maua mekundu ndani yake. "Mnalijua hili," akawaambia wenzake. "Uwele wangu ukijaa hapa, unga wake hufika kwenye ua hili la juu. Haujawahi kushuka chini ya ua." Wenzake wakaitikia kwamba kweli, haujawahi. Nikaushika uwele, nikauona una ubaridi. Walikuwa wameunyunyizia maji kidogo na kuupumzisha tangu alfajiri, kama wanavyofanya siku zote ili unga utoke laini. Mimi nilijaribu kwa mahindi makavu. Nilihisi kitu kidogo kikinigonga nyuma ya kichwa, kama mtu aliyesahau mlango wazi, lakini mkono wangu ulikwishafika kwenye swichi.

Mashine ikanguruma, parafujo ikazunguka, uwele ukateremka bila mkono wa mtu, na hapakuwa na vumbi, hata punje moja ya vumbi; ungeweza kuvaa kanzu nyeupe mle ndani. Unga ukaanza kutoka mferejini, mwembamba, taratibu. Kisha ukapungua. Kisha ukakoma. Hopa ilikuwa tupu. Mama Ntandu akainama akatazama beseni lake. Unga ulikuwa umeishia chini ya ua, tena chini kwa vidole vinne.

"Mbona imesita?" akauliza.

"Imemaliza, mama."

"Imemaliza nini?"

Nikasema lile baya zaidi: "Labda ndivyo ulivyokuwa."

Mlio uliotoka ukutani siwezi kuuiga. Mama Ntandu mwenyewe hakukasirika. Alikwenda nyuma ya mashine, akayapeleka macho juu na chini kama mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta mlango umehamishwa. "Nikung'ute wapi?" akaniuliza.

"Ukung'ute nini?"

"Unga wangu. Mfuko uko wapi nikung'ute?"

Hapo nikafundishwa, na akina mama wanne kwa pamoja, jambo ambalo sikulisoma popote: kwamba mtu akimaliza kusaga huushika ule mfuko wa kitambaa kwa mikono miwili na kuukung'uta mpaka unga wake wote ushuke, hadi ule wa mwisho, wenzake wakishuhudia, na ndipo anayefuata anaweka wake. Mimi nilikuwa nimeuona mfuko ule kama chanzo cha vumbi. Kumbe ndio hati ya umiliki.

"Kwenye hii hakuna pa kukung'uta," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana inajilisha," akasema Bi Zainabu, na banda zima likacheka, kicheko kisicho na furaha.

Mtu mwenye busara angezima mashine akaomba muda. Mimi nilikuwa na imani kwamba kipimo cha pili kingenitetea, kwa sababu tulifundishwa chuoni kwamba kipimo kimoja si ushahidi. Nikamsihi Bi Zainabu aweke mtama wake. Akakataa, nikamsihi, akamtazama mama mdogo pale kwenye benchi, na nadhani alikubali kwa ajili ya mama mdogo tu. Mtama wake mwekundu ukaingia hopani. Mashine ikanguruma. Na mferejini, kabla ya unga wowote mwekundu, ukatoka unga wa kijivu.

"Huo uwele wangu!" Mama Ntandu akapiga kelele.

"Uko kwenye beseni langu!" akajibu Bi Zainabu.

"Utoe!"

"Niutoeje, na mwingine unakuja?"

Na kweli ulikuwa unakuja, wa kijivu, halafu wenye madoa, halafu mwekundu, halafu kijivu tena bonge zima, kana kwamba mle ndani kuna mtu anayechagua. Mmoja akasema imekula kwa Mama Ntandu imetapikia kwa Bi Zainabu. Nilichanganyikiwa kiasi cha kushindwa hata kuamini hesabu zangu. Nilijua kwamba kitu hakipotei, kinachoingia lazima kitoke, sheria ya asili haina kabila. Lakini ulimwengu wote wa sheria za asili ulikuwa upande mmoja na ua la beseni upande mwingine, na ua lilikuwa linashinda.

Nikazima. Nikachomoa fyuzi nikaitia mfukoni, kwa sababu usalama kwanza (hilo nalo wamelisahau wanaposimulia). Nikawaambia kwamba nitawaonyesha kwa macho yao kuwa hakuna unga uliofichwa. Nikafungua mfuniko wa juu wa sanduku, nikapanda juu ya kigoda, nikaingiza kichwa. Giza. Nikaingiza mabega. Nikawasha tochi ya simu, na nikaona: kuta zote za ndani zilikuwa zimegandwa na unga, tabaka la kijivu, tabaka jekundu, unene wa chapati. Kile kitambaa cha mashine ya zamani nilichokidharau kilikuwa kinapumua, kinatoa joto na unyevu wa uwele uliolowanishwa. Sanduku langu la bati lilikuwa linatoka jasho, na unga umenata kwenye jasho. Nikaelewa yote kwa mara moja, na katika furaha ya kuelewa nikajisogeza mbele zaidi ili nione kona ya chini, kigoda kikaanguka, na futi ya chuma niliyoichomeka kwenye mkanda wa suruali ikanasa kwenye ukingo.

Sasa hebu fikirini mngeona nini kama mngekuwa mmesimama ukutani pale. Sanduku la bati. Juu yake miguu miwili ya mtu inarusharusha. Na kati ya miguu ile na sakafu, kwa bluu, herufi moja moja kubwa kuliko kiganja: MASHINE INAYOJILISHA YENYEWE.

"Imemla!" akasema mmoja. "Imemla fundi wake!"

"Nimeuona! Nimeuona!" nilikuwa napiga kelele mle ndani, nikimaanisha unga, lakini kila nilipofungua kinywa kilijaa uwele, na kutoka nje ilisikika (nimeambiwa) sauti ya ng'ombe aliye kisimani. Nikapiga ukuta kwa ngumi. Hilo ndilo lililokuwa kosa la mwisho. Unga wote uliogandamana ukaachia kwa pamoja ukanishukia kichwani.

Walinivuta kwa miguu. Viatu ndivyo vilivyotoka kwanza, halafu soksi, halafu mimi. Nikasimama katikati ya banda, peku, kijivu upande mmoja mwekundu upande mwingine, siwezi kufungua macho, nikasema, "Mama zangu, unga haujapotea."

Halafu nikamsikia Bi Zainabu, kwa sauti ya mtu aliyepata suluhisho: "Kwani tunasubiri nini? Si huu hapa? Mkung'uteni."

Na wakanikung'uta. Mama Ntandu alinishika mabega, mwingine akanishika kiuno, beseni moja likawekwa mbele na jingine nyuma, wakanipiga mgongo na mapaja kwa viganja kama mfuko wa kitambaa, kwa utaratibu uleule, kutoka juu kushuka chini, huku wakibishana juu ya mwili wangu. "Wa kichwani ni wangu, ni uwele." "Kichwani sawa, lakini kifuani ni mtama, usiguse." "Mgeuze! Bado shingoni." "We injinia, tikisa sikio hilo." Nilikuwa na stashahada. Nikatikisa sikio.

Hapo ndipo mama mdogo alipoinuka. Alikuja bila haraka, akaniambia, "Kaa chini, baba, upumzike," akaomba spana. Aliishika kwa mkono ule wa vidole vitatu, mbele ya wote, akafungua bolti za ubavu wa sanduku moja baada ya nyingine, akaulaza ubavu wa bati juu ya turubai, akachuchumaa. Kisha akachukua unga kidogo, akausaga kati ya gumba na kidole, akasema, "Huu wa Mama Ntandu, uwele uliolowanishwa." Akachukua mwingine. "Huu wa Bi Zainabu. Mtama wa mwaka jana." Akatenga hivyo, fungu kwa fungu, na ule uliochanganyika kabisa akaugawa mara mbili kwa sahani. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Hakuna aliyesema pima tena. Wanawake waliokuwa wakigombania masikio yangu walisimama na mabeseni wakisubiri neno lake, na lilipofika wakasema "asante" wakauchukua.

Unga wa Mama Ntandu ulifika kwenye ua.

Jioni wakakaa kikao, nami nikaruhusiwa kusikiliza kutoka mlangoni. Mama Ntandu hakurefusha. "Mashine hii iondoke," akasema. "Si mbaya. Lakini haijui unga ni wa nani." Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimemwahidi mama mdogo kazi, nami nilikuwa nimeizika mimi mwenyewe. Kisha Mama Ntandu akaendelea, sasa kwa sauti ya kawaida, "Na tangu Mama Rehema aondoke tumegombana kila wiki juu ya unga, ni uongo?" Wakasema si uongo. "Nilisema nangoja mashine isiyohitaji mkono. Leo nimeiona. Siitaki. Mama Rehema, ukitaka kurudi, rudi. Ila ule mdomo wa hopa uzibwe kwanza. Huyu kijana azibe. Bila kuandika kitu."

Kwa hiyo alirudi. Ndugu zangu, mnielewe: alirudi kwenye mashine ileile ya zamani, yenye nyundo zilezile, na aliyemrudisha ni kushindwa kwangu. Sikujua nifurahi au nilie, na hadi leo, nikikumbuka, huwa sijui.

Nilifanya kazi siku tatu bila kulala vizuri, nikachomelea wavu wa nondo wa kuziba koo la hopa, nafaka ipite, mkono usipite. Nilikuwa nimejifunza, nilifikiri. Safari hii sikufuata kitabu, nilipima kwa mkono halisi: niliweka nondo, nikaingiza mkono wangu, nikasogeza, nikaingiza tena, mpaka mkono ukagoma kabisa. Nikaupeleka Mgori, nikaufunga, nikawaita. Mama mdogo akautazama. Halafu akafunua mkono wake wa kulia, akauingiza kati ya nondo mbili, nao ukapita hadi kwenye kifundo bila kugusa chuma.

Akaubakiza humo. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini mimi nikaenda kuchomoa fyuzi.

"Baba," akasema, "umepima mkono wa nani?"

Akauchomoa, akaenda kwenye meza ya mbao, akaifuta unga kwa ncha ya kitenge, akaulaza mkono wake pale, umefunguka, vidole vitatu na makovu mawili, akaniambia nichukue chaki. Nikapiga magoti, nikaanza kuchora kuuzunguka, nikakosea, nikafuta, nikaanza upya, naye hakuuondoa. Tangu siku hiyo sikati chuma kwa ajili ya mtu kabla ya kumwambia alaze mkono wake mezani.